Daladala ya Airport Mwanza: mwongozo kwa mwenye saa chache kabla ya ndege

Uwanja wa Ndege wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji. Njia ya kuufikia ukitokea mjini haina utata: unashika Barabara ya Makongoro, unapita Furahisha, Kirumba, Pasiansi na Sabasaba, unafika. Kwa umbali huo mtu anaona hana haja ya kujiandaa, na hapo ndipo ndege zinapoachwa. Abiria wengi wanaokuta kaunta imefungwa hawakuangushwa na foleni ya Kirumba. Walipanda gari ambalo halijajaa, au begi lao lilikosa pa kukaa, au walisoma saa ya tiketi vibaya.

Haya yameandikwa kwa mtu aliyeshuka Mwanza kwa ndege, meli au basi, akawa na saa kadhaa mkononi kabla ya ndege yake kuondoka, na hataki kulipa teksi kwenda na kurudi.

Anza na tiketi, si kituo

Tiketi za ndege huandikwa kwa saa 24, nasi tunahesabu kuanzia macheo. 07:05 ni saa moja na dakika tano asubuhi. 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana. 19:00 ni saa moja usiku. Ukimwambia ndugu yako kwa simu "ndege yetu ni ya saa saba", na tiketi zenu zimeandikwa 07:00, mmoja wenu atalala mjini. Njia rahisi ni kuandika saa zote mbili kwenye karatasi moja, ya tiketi na ya Kiswahili, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku. Ndege inayoondoka saa sita na nusu usiku inahitaji uangalifu zaidi: tiketi itasema 00:30 na tarehe itakuwa ya siku inayoanza. Tiketi ya tarehe 12 saa 00:30 maana yake uwe uwanjani usiku wa tarehe 11.

Baada ya saa, angalia kama safari zako mbili ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa moja, begi kubwa huenda limeandikiwa hadi mwisho wa safari. Soma kile kibandiko chenye msimbo wa herufi tatu: MWZ ni Mwanza, BKB Bukoba, DAR Dar es Salaam, JRO Kilimanjaro, ZNZ Zanzibar. Kikiwa na msimbo wa unakokwenda mwisho, begi halikuhusu tena. Toka mikono mitupu. Kikiandikwa MWZ, begi ni lako hadi ulikabidhi upya, na hapo daladala inakuwa jambo la kufikiria mara mbili.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali zina hatari nyingine. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukubadilishia bure. Mwenye tiketi za namna hiyo ajiachie nafasi kubwa, na akishaona ndege ya kwanza imechelewa hata kwa saa moja, safari ya mjini aifute.

Hesabu kuanzia mwisho

Hesabu saa zako ukitokea kwenye kuondoka kwa ndege na kurudi nyuma. Tuseme ndege inaondoka 16:40, yaani saa kumi na dakika arobaini jioni. Kwa ndege ya ndani jipe saa mbili uwanjani: uwe umefika saa nane na dakika arobaini. Safari ya daladala kutoka mjini ipe saa nzima. Barabara ikiwa nyeupe utatumia pungufu ya hapo, ila saa hiyo ndani yake ina kusubiri gari lijaze, kusimama kila kituo, na kushuka kutembea hadi getini. Kwa hiyo saa saba na dakika arobaini mchana uwe umeshakaa kwenye kiti, gari linaondoka. Kusimama kituoni saa hiyo bado unatafuta gari si sawa.

Ukishuka kwa ndege saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa itaishia kwenye mizigo na kutoka nje, na saa nyingine njiani. Unafika mjini saa tano. Unabakiwa na saa mbili na dakika arobaini za kula na kutembea. Si haba.

Fanya hesabu hiyo hiyo na pengo lolote utaona kwamba kutoka na kurudi peke yake hula kama saa nne na nusu. Ndiyo maana mwenye chini ya saa tano kati ya ndege na ndege hatumshauri kuingia mjini kabisa; ale chakula jirani na uwanja. Saa tano hadi saba zinatosha kwa mjini. Zikizidi saba ndipo unaweza kufikiria Kisiwa cha Saanane.

Kutoka uwanjani

Ukitoka mlangoni utakutana na madereva teksi kabla hujaona kitu kingine. Wasalimie, waambie huhitaji, endelea hadi nje ya geti, kwenye barabara. Daladala zinazogeuzia Airport huanzia hapo, na hiyo ni faida kwako kwa sababu utapata kiti, na utachagua kiti. Kwa mwenye begi dogo kiti kizuri ni cha karibu na mlango. Mwenye begi la wastani akae nyuma kabisa kama kuna nafasi ya kuliweka, au aombe kiti cha mbele kwa dereva.

Mwambie konda mapema unakoshukia. "Konda, nishushe Furahisha" inatosha. Usiseme tu "mjini", maana kila mtu ana mjini yake, na gari linaweza kukupitisha hadi upande wa pili wa jiji.

Nauli ni ndogo. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600, na ya kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 700. Gari linalovuka jiji zima, tuseme kutoka Buhongwa hadi Airport, lina ruti ndefu kwa hiyo linaweza kukutoza zaidi ya linaloanzia mjini. Kama huna uhakika, muulize abiria uliyekaa naye kabla konda hajafika kwako. Uwe na noti za elfu, na sarafu. Noti ya elfu kumi asubuhi ni ugomvi: konda bado hana chenji, atakuambia "tulia, nitakupa", na utashuka ukiwa umesahau.

Begi kubwa likikaa kwenye kiti, lipie kiti hicho bila kubishana. Konda ana haki. Kuna abiria amemwacha kituoni kwa ajili yako.

Pa kukaa hizo saa

Ushauri wetu mkuu ni huu: chagua upande wa jiji ulio karibu na uwanja. Rock City Mall na Kirumba vyote viko njiani, ukitokea Airport unavifikia kabla ya kuingia katikati ya mji. Ukikaa hapo, wakati wa kurudi huna haja ya kupambana na msongamano wa katikati. Mwaloni, soko kubwa la samaki na dagaa la Kirumba, liko ufukweni upande huo huo. Viatu vya wazi visivyoogopa maji vitakufaa zaidi pale kuliko vile ulivyovaa kwa ajili ya ndege.

Ukiamua kuingia katikati, mnara wa saa, soko kuu na Makoroboi vyote vinafikika kwa mguu. Jiwe la Bismarck liko ufukweni upande wa Kamanga, na kutoka katikati ya mji ni mwendo wa kutembea. Wengi hupiga picha yao pale na kuondoka. Samaki wa kukaanga na ugali ukiagiza saa saba mchana, saa ya watu wote kula, unaweza kusubiri muda mrefu kuliko ulivyopanga. Agiza saa sita kasoro.

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini. Boti huanzia Capri Point na safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Kinachokula muda ni taratibu za kulipa, kungoja boti, na kupanda miamba. Ziwa likichafuka mchana, kurudi kunachelewa, na huwezi kumwamuru nahodha. Nenda asubuhi au usiende.

Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kunastahili siku yake. Kuko barabara ya Musoma, upande mwingine kabisa na uwanja. Kwa pengo la ndege, hapana.

Kurudi: hapa ndipo pa kuwa makini

Kwenda mjini unaweza kukosea na usipoteze chochote. Kurudi sivyo.

1. Tafuta gari lililoandikwa Airport kwenye kibao cha mbele, ukiwa kwenye Barabara ya Makongoro. Vituo vya kupakilia mjini huhamishwa na halmashauri mara kwa mara, hivyo muulize muuza duka au askari wa usalama barabarani: "Gari za Airport zinapakilia wapi siku hizi?" Usimuulize mpigadebe. Yeye hulipwa kwa kujaza gari lililo mbele yake, na atakuambia linafika hata kama halifiki.

2. Hakikisha linaelekea wapi. Kibao huwa na majina mawili, mwanzo wa ruti na mwisho wake, na hakigeuzwi gari linapogeuza. Gari la Buhongwa–Airport linasomeka vile vile likiwa linakwenda uwanjani au linatoka. Mgeni anaweza kuliona neno Airport, akaruka ndani, akajikuta Mkuyuni. Simama upande wa barabara ambao magari yanaelekea Kirumba.

3. Muulize konda kwa maneno haya: "Unafika Airport mwisho?" Neno mwisho lina kazi. Kuna magari yanayoishia Sabasaba au yanayokata kona pale kuelekea Kiseke na Buswelu, na konda akiulizwa "Airport?" anaweza kutikisa kichwa akimaanisha kwamba atakushusha jirani.

4. Linganisha kujaa kwa gari na saa yako. Gari tupu kituoni linaweza kukaa robo saa hadi nusu saa. Lililo na viti viwili vilivyobaki litaondoka sasa hivi. Ukiwa na haraka, kiti kibaya kwenye gari linaloondoka kina faida kuliko kiti kizuri kwenye gari linalosubiri. Ukiwa na begi, fanya kinyume: ngoja linalofuata, kaa vizuri, na muda huo uwe umeshauhesabu.

5. Kaa macho baada ya Pasiansi. Abiria wengi hushuka kati ya Kirumba na Sabasaba, na gari likibaki na watu watatu dereva huanza kutamani kugeuza. Kukatisha ruti ni kosa, lakini hutokea, zaidi jioni wakati abiria wengi wako upande wa mjini. Konda atasema "shukeni hapa, mtapanda la nyuma". Dai nauli yako au sehemu yake, na usingoje la nyuma kama saa imekaza. Kutoka Sabasaba bajaji au bodaboda itakumalizia safari kwa pesa ndogo.

Muda mbaya wa kurudi ni kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Makongoro inakuwa na watu wanaotoka kazini, magari yanapita yamejaa, na mwenye begi hapewi nafasi. Ongeza nusu saa kwenye hesabu yako, au panda bajaji tangu mwanzo. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba nazo zina hesabu yake: mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo hufurika katikati ya mji, bodaboda hujificha, na kila mtu anataka daladala kwa wakati mmoja. Wingu likitanda juu ya ziwa, ondoka mapema. Kungoja iishe ndiyo makosa.

Kwa ndege ya alfajiri daladala si ya kutegemea. Magari ya kwanza yapo, ila hujaza polepole, na ndege ya saa kumi na mbili inakutaka uwanjani saa kumi. Panga na dereva wa bajaji au teksi tangu jioni, chukua namba yake, mpigie kabla ya kulala. Vivyo hivyo baada ya saa mbili usiku.

Ukitokea stendi au bandarini

Meli ya usiku kutoka Bukoba, MV Victoria, hufika Mwanza asubuhi. Bandari ya abiria iko mjini, hivyo ukishashuka unatembea tu hadi Makongoro. Kushuka kwenyewe ndiko kunakochukua muda: meli hiyo inabeba hadi abiria 1,200, na wote wanapita mlango mmoja na ndizi zao. Ukiwa na ndege ya asubuhi hiyo hiyo, kaa karibu na mlango wa kutokea kabla meli haijafunga gati, na mzigo wako usiwe chini kwenye shehena. Hata hivyo ndege ya mchana ni chaguo la mwenye akili. Ziwa lina siku zake.

Mabasi ya Shinyanga, Dar, Geita na Bukoba huishia Nyegezi, kusini mwa jiji. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lifunguliwe Juni 2025, anayetokea Geita na Sengerema hana tena kivuko cha kumtia wasiwasi, na sasa saa zake zinahesabika. Lakini Nyegezi na uwanja viko ncha mbili za jiji, kama kilomita 20 kati yao, na barabara ya Kenyatta kupitia Butimba, Mkuyuni na Igogo ni nyembamba kwa magari iliyonayo. Ipe saa moja na nusu, mbili kama ni asubuhi ya siku ya kazi. Ukipata gari la Airport moja kwa moja, panda hilo. Kubadilisha mjini na begi ni kuanza upya.

Anayetokea Musoma, Bunda au Sirari hushuka Nyamhongolo. Njia ya kawaida ni kuingia mjini kupitia Buzuruga na Mabatini, kisha kupanda la Airport. Kuna njia ya pili isiyogusa mji: kupitia Buswelu na Kiseke, unatokea Sabasaba, karibu kabisa na uwanja. Kwa bajaji njia hiyo inaokoa muda mwingi, hasa jioni. Mtajie dereva Kiseke waziwazi na mpatane bei kabla ya kupanda, la sivyo atakupeleka alikozoea.

Samaki

Hakuna anayeondoka Mwanza mikono mitupu, kwa hiyo tuseme. Sato au sangara mbichi kwenye mfuko wa plastiki hafiki: atavuja kwenye daladala, abiria watalalamika, konda atakushusha wewe na samaki wako, na akifika uwanjani atakataliwa. Nunua asubuhi, omba agandishwe, afungwe kwenye boksi gumu lisilovuja, bila barafu iliyolegea ndani, na lizungushiwe utepe wa gundi. Uliza shirika lako kabla ya kununua: wengine hupokea boksi kama mzigo wa kawaida, wengine wana masharti yao. Ndege ndogo zina uzito mdogo unaoruhusiwa, mara nyingi kilo 15, na samaki huhesabiwa humo.

Dagaa wakavu ni wepesi na hawavuji, lakini harufu yao husafiri kabla yako. Mifuko miwili, kila mmoja umefungwa peke yake.

Kisu cha kupaa samaki ulichokipenda Mwaloni kiweke kwenye begi kubwa. Kwenye begi la mkononi kitabaki kwa wakaguzi.

Ikishindikana

Saa ikiwa imekufikia na uko Kirumba umekwama, shuka. Bodaboda itapita katikati ya magari na daladala haitapita. Patana bei, vaa kofia ngumu, begi lako mgongoni na si mbele ya dereva. Ukiwa njiani usipige simu. Piga kabla ya kupanda. Wapigie shirika la ndege, waambie uko wapi na utafika saa ngapi. Hawatashikilia ndege, lakini aliyepiga kabla ya kaunta kufungwa huwa na nafasi ya kuhamishiwa ndege nyingine kwa faini ndogo kuliko aliyejitokeza ndege ikiwa imeruka.

Ukiikosa na unakwenda Bukoba, usikimbilie kununua tiketi mpya ya ndege pale pale. Uliza kama usiku huo meli inaondoka. Ikiwa ni siku yake, panda daladala urudi mjini ukate tiketi mchana, kabla vitanda havijaisha.